Ameganda au Amekwama? Uchambuzi wa Kisa cha Pigo la Mkuki Katika Mchezo wa Mezani, Arusha

Mazingira ya kisa

Kisa hiki kilitokea Arusha, katika kikundi cha watu watano wanaokutana kila Jumamosi, saa nane mchana hadi jua likikaribia kuzama, kucheza Dungeons & Dragons. Huu ni mchezo wa mezani ambao kila mchezaji huigiza mhusika mmoja, na mtu mmoja, ambaye humu ninamwita Mwendeshaji, husimulia dunia, huigiza maadui na huamua kanuni inasemaje pale panapotokea utata. Majina, mtaa na kazi za wahusika nimeyaondoa, na wenzangu wote wanne wamesoma maandishi haya na kuyaridhia. Mimi nilikuwa mezani siku hiyo, nikimchezesha mganga wa kikundi.

Kanuni tulizotumia ni za toleo la tano, kama zilivyo katika kitabu cha wachezaji cha mwaka 2014. Kitabu chenyewe ni cha Kiingereza, nasi tunacheza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo kila istilahi ilipata jina mezani, mara nyingi papo hapo, bila mtu kukaa chini kulipima. Jambo hili lionekane dogo kwa sasa, lakini ndilo lililokuja kutugharimu. Uwanja wa mapambano huwa tunauchora kwa kalamu ya wino mzito kwenye karatasi ya manila iliyogawanywa miraba ya sentimita mbili na nusu, kila mraba ukiwa futi 5 za dunia ya mchezo. Wahusika ni vizibo vya soda vilivyobandikwa herufi. Maadui wakubwa, ambao kwa kanuni hukalia miraba minne, huwakilishwa na kifuniko cha kopo la kahawa.

Mchezaji ambaye kisa kinamhusu zaidi, nitakayemwita Mchezaji wa Mkuki, ni kijana aliyeunda mpiganaji wa kibinadamu wa ngazi ya 4. Alichagua mkuki kwa sababu amekulia mahali ambapo mkuki si picha ya kitabuni. Ameuona ukibebwa, anajua uzito wake na anajua unavyoshikwa. Alimtaka mpiganaji anayesimama mahali pembamba na kusema hapa hapiti mtu.

Kanuni zilizohusika

Ili msomaji afuatilie mgogoro, ni lazima kwanza aijue kanuni ya kawaida. Adui unayemwona akitoka katika upeo wa silaha yako, yaani umbali ambao silaha inafika, kwa mwendo wake mwenyewe, unaruhusiwa kumpiga pigo moja la karibu, nje ya zamu yako. Mezani tunaliita pigo la nafasi. Pigo hilo hutumia jibu lako, yaani haki ya kuitikia jambo nje ya zamu, na kila mhusika ana jibu moja tu, ambalo humrudia zamu yake inapoanza. Adui anayetumia tendo lake zima, yaani lile jambo moja kuu analoruhusiwa kufanya katika zamu yake, kujinasua hapigwi. Wala hapigwi anayehamishwa kwa uganga au kusukumwa na mwingine.

Mpiganaji wa Mchezaji wa Mkuki alikuwa na vipaji viwili vinavyoibadilisha kanuni hiyo. Cha kwanza kitabuni kinaitwa Polearm Master, nasi tulikiita Bingwa wa Mpini. Kinampa mwenye silaha ya mpini mrefu haki ya kupiga pigo la nafasi pia pale adui anapoingia katika upeo wa silaha hiyo, badala ya kusubiri atoke. Mkuki haukuwa katika orodha ya silaha hizo kitabu kilipotoka. Uliongezwa katika masahihisho ya mwaka 2018, na kikundi kilikuwa kimekwisha kukubaliana juu ya hilo. Kipaji cha pili kinaitwa Sentinel, nasi tulikiita Mlinzi. Kina vifungu vitatu, lakini kilichozua kisa ni kimoja: ukimpata adui kwa pigo la nafasi, mwendo wake unakuwa sifuri hadi mwisho wa zamu hiyo.

Vipaji hivi viwili vikiunganishwa vinatoa picha inayovutia sana. Adui anakuja mbio, anaingia katika upeo, anachomwa, anasimama. Wachezaji wa mchezo huu wamekuwa wakiijadili picha hiyo kwa miaka mingi, na sehemu kubwa ya mjadala inawahusu wapiganaji wenye silaha za futi 10. Mkuki wa kitabuni upeo wake ni futi 5 tu, sawa na upanga, na tofauti hiyo ni nzito kuliko inavyoonekana.

Yaliyotokea, hatua kwa hatua

Siku hiyo kikundi kilikuwa kinavuka korongo. Mwendeshaji alichora daraja la mbao lenye upana wa miraba miwili na urefu wa miraba minane, akalifananisha na vivuko vya miguu vya mto Themi wakati wa masika, maji yakiwa yamechafuka na kupanda. Ng'ambo walikuwa goblini wawili, yaani vijitu vidogo vya uadui, na zimwi mmoja mwenye rungu. Mchezaji wa Mkuki alisimama kwenye mdomo wa daraja upande wetu, nasi wengine tukawa nyuma yake.

Mzunguko wa kwanza, goblini mmoja alikimbia moja kwa moja kuelekea kwa mpiganaji. Alipoingia mraba uliopakana naye, Mchezaji wa Mkuki alidai pigo la nafasi, akapata, lakini dadu ya madhara ikatoa 1. Kwa nyongeza yake ya 3, goblini alipoteza uhai wa 4 kati ya 7. Mwendeshaji akasema, "Haya, huyu ameganda," akageukia zamu iliyofuata. Naomba msomaji aishike sentensi hiyo. Goblini yule alikuwa ameshafika ubavuni kwa mpiganaji, akiwa na jambia mkononi na tendo lake halijatumika. Kwa kanuni alipaswa kupiga. Hakupiga, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza, kwa sababu neno lililotumika lilijibu swali kabla halijaulizwa. Zamu ya mpiganaji ilipofika akammaliza.

Mzunguko wa pili, zimwi alikuwa katikati ya daraja na goblini wa pili alikuwa amebaki nyuma akirusha mishale. Mpiganaji alikuwa na uhai wa 15 kati ya 36, sehemu kubwa ikiwa imepotea katika pambano la awali. Zamu yake ilipofika alikuwa na njia mbili za maana: kutumia tendo lake kujikinga, jambo ambalo lingemlazimu kila amshambuliaye arushe dadu mara mbili na kuchukua iliyo ndogo, au kurusha mkuki mdogo kumlenga goblini wa nyuma. Alifikiri kwa muda, akasema kwa sauti, nasi sote tukamsikia, kwamba hakuwa na haja ya kujikinga kwa kuwa zimwi akifika ataganda. Akarusha. Akakosa.

Zimwi akaja. Alipoingia katika upeo, Mchezaji wa Mkuki alirusha dadu ya nyuso 20, akapata kwa urahisi kwa sababu kinga ya zimwi, yaani namba ambayo dadu pamoja na nyongeza ya anayepiga lazima iifikie, ni 11, na madhara yakawa 9. Mwendeshaji akatamka kwamba mwendo wa zimwi umekuwa sifuri. Kisha akachukua dadu na kusema zimwi anashusha rungu. Dadu ilisimama kwenye 14; kwa nyongeza ya 6 ikawa 20, dhidi ya kinga ya 16. Madhara yalikuwa 17. Mpiganaji akaanguka, uhai ukiwa sifuri.

Mchezaji wa Mkuki hakupaza sauti. Aliuliza, "Dada, si ameganda?"

Mwendeshaji akajibu, "Kaka, ameganda miguu. Hajaganda mikono."

"Lakini yule goblini aliganda mzima."

Hapo meza ikanyamaza, kwa sababu alikuwa amesema kweli. Mwendeshaji alikaa kitambo bila jibu. Baada ya hapo kila mtu akaanza kusema kwa wakati mmoja, na kwa takribani dakika arobaini hatukucheza. Mwenzetu mmoja alishikilia kwamba aliyechomwa mkuki akasimama hawezi kupiga, kwa sababu amesimamishwa na maumivu. Mwingine alisema kama ni hivyo, basi kipaji hicho kimoja kina nguvu kuliko uganga wote wa kikundi. Mimi nilikuwa upande wa Mchezaji wa Mkuki, na ninakiri hapa kwamba sababu yangu haikuwa kanuni. Nilimwonea huruma tu.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza wa Mwendeshaji ulikuwa kusimamisha mchezo badala ya kutumia mamlaka yake. Kanuni zinamruhusu kuamua na kuendelea, na mara nyingi hiyo ndiyo njia bora, maana pambano likikatizwa hupoa. Lakini alieleza kwamba uamuzi huu ungemwangusha mhusika wa mtu, tena kwa kwenda kinyume na alichokiamua yeye mwenyewe nusu saa kabla, na kwamba hakuwa tayari kuutoa kwa kukisia.

Uamuzi wa pili ulikuwa kuisoma kanuni kwa sauti, kwa Kiingereza chake, neno kwa neno, kisha kuitafsiri upya pale pale huku sote tukisikiliza. Aliigawa sehemu tatu: kichocheo ni nini, pigo linatua wakati gani, na linamfanya nini aliyepigwa. Kichocheo kilikuwa kuingia katika upeo. Kuhusu wakati, pigo la nafasi la kawaida hutua kabla adui hajatoka, lakini Bingwa wa Mpini hakitaji wakati wowote, na kitabu cha mwendeshaji cha 2014 kinaelekeza kwamba jibu ambalo wakati wake haukutajwa hufuata baada ya kichocheo chake kukamilika. Maana yake, zimwi alikuwa ameshaingia. Hakusimamishwa nje ya mlango. Alisimamishwa kizingitini, akiwa ana kwa ana na mpiganaji. Kuhusu matokeo, kitabu kinasema mwendo unakuwa sifuri, na hakisemi neno jingine. Tendo halikutajwa. Silaha haikutajwa.

Uamuzi wa tatu ndio uliokuwa mgumu. Kwa kanuni, rungu la zimwi lilikuwa halali na mpiganaji alikuwa chini. Hata hivyo Mwendeshaji alisema kwamba Mchezaji wa Mkuki aliitumia zamu yake akitegemea uamuzi uliotolewa mezani, akautaja kwa sauti, na hakuna aliyemsahihisha, hata yeye Mwendeshaji aliyekuwa anajua anachokusudia kumfanyisha zimwi. Akamrudishia zamu ile. Hakumrudishia kanuni ya makosa. Alimrudishia nafasi ya kuchagua akiwa anaijua kanuni iliyo sahihi. Kwa bahati mkuki mdogo ulikuwa umekosa, kwa hiyo hapakuwa na jambo lingine la kurudisha nyuma.

Mchezaji wa Mkuki akachagua kujikinga. Zimwi akaja tena, pigo la nafasi likabaki vilevile na madhara yake ya 9, mwendo ukawa sifuri, rungu likashuka. Safari hii dadu mbili zilitoa 14 na 5. Ikachukuliwa 5, jumla ikawa 11, akakosa.

Matokeo

Pambano liliisha mzunguko wa tano, zimwi akiwa amelala kwenye mbao na mpiganaji akiwa bado amesimama. Wiki iliyofuata Mwendeshaji alikuja na ukurasa mmoja ulioandikwa kwa mkono, wenye istilahi ishirini na kitu na maana zake, akatuomba tuupitie mstari kwa mstari kabla ya kucheza. Neno "kuganda" lilikuwa limefutwa, badala yake pameandikwa "kukwama". Mchezaji wa Mkuki mwenyewe ndiye aliyelipendekeza, kwa mfano ambao sitausahau: gari likikwama kwenye tope jeusi la mashambani haliendi mbele wala nyuma, lakini injini inanguruma, honi inalia, na ukisogea karibu litakurushia tope.

Katika vikao sita vilivyofuata swali lile halikurudi. Lililorudi ni jingine. Katika kikao cha sita alikuja mgeni mwenye kitabu cha wachezaji kilichorekebishwa mwaka 2024, na humo Bingwa wa Mpini kimeandikwa upya: pigo la anayeingia bado lipo na bado linatumia jibu, lakini haliitwi tena pigo la nafasi. Kwa kuwa Mlinzi humsimamisha aliyepatwa kwa pigo la nafasi peke yake, basi kwa kitabu kipya muungano wa vipaji hivi viwili haumsimamishi tena anayeingia. Kikundi kiliamua kubaki na kanuni za 2014 hadi hadithi iliyopo iishe, na uamuzi huo ukaandikwa juu kabisa ya ule ukurasa.

Uchambuzi

Naanza na neno, kwa sababu ndipo kosa lilipozaliwa. Maji yakiganda hayamwagiki. Mafuta yakiganda hayachoteki. Simu ikiganda unabonyeza popote na haijibu. Katika matumizi haya yote ya kitenzi hiki, kitu kilichoganda kimesita chote, ndani na nje. Kitabu kilisema mwendo unakuwa sifuri, jambo moja jembamba, sisi tukalivisha neno pana mara kumi, kisha tukaanza kucheza kwa kulifuata neno. Hakuna aliyedanganya na hakuna aliyetaka kujipendelea. Goblini wa kwanza alinyimwa pigo lake na Mwendeshaji mwenyewe, ambaye alikuwa ameisoma kanuni vizuri kuliko sisi sote, kwa kuwa ukishasema kitu kimeganda, ulimi wako wenyewe unakataa kukirushia dadu.

Ushahidi ulio wazi zaidi tulikuwa nao siku zote bila kuuona. Katika toleo hili ipo hali ya kumkamata adui kwa mikono, na athari yake ni ileile: mwendo wa aliyekamatwa unakuwa sifuri. Sisi tuliiita "kushikwa", na katika miezi yote ya kucheza hajatokea mtu aliyedai kwamba aliyeshikwa hawezi kupiga. Kila mtu anajua kwamba mtu akishikwa ukosi anarusha ngumi. Athari moja, maneno mawili, na meza ileile ikaicheza kwa namna mbili tofauti. Ningependa kila mwendeshaji anayecheza kwa Kiswahili aupime ukurasa wake wa istilahi kwa njia hii: atafute kanuni mbili zenye athari moja, aone kama majina aliyozipa yanawapeleka wachezaji mahali pamoja.

Je, kama tungeamua kwamba anaganda kweli? Hoja ya mwenzetu aliyesema kipaji kingekuwa na nguvu kupita kiasi inastahili kupimwa kwa hesabu. Mpiganaji alikuwa na nyongeza ya 5 dhidi ya kinga ya 11, hivyo alihitaji dadu ya 6 au zaidi, yaani asilimia 75. Kwa hiyo kila mzunguko, bila kugharimika chochote isipokuwa jibu linalorudi lenyewe, angemnyima zimwi zamu nzima mara tatu kati ya nne. Mganga wangu katika ngazi hiyo alikuwa na uganga wa daraja la pili wa kumfunga mtu mwili mzima. Anaweza kuutumia mara tatu tu kwa siku, aliyefungwa hupewa nafasi ya kujifungua kila zamu yake inapokwisha, na juu ya yote uganga huo haumshiki zimwi kwa kuwa unawashika wenye asili ya binadamu pekee, naye zimwi ni wa jamii ya majitu. Kipaji kinachofanya bure kile ambacho uganga haukiwezi kwa gharama kingeifuta kazi ya wachezaji wengine watatu.

Hata hivyo, kukwama si jambo dogo, na hapa nadhani Mwendeshaji alikosa kidogo: alieleza kwa uangalifu ni nini kipaji hakifanyi, akapita haraka juu ya kile kinachofanya. Aliyekwama hawezi kukimbia, kwa kuwa kukimbia kunaongeza mwendo sawa na mwendo alionao, na sifuri juu ya sifuri ni sifuri. Akiwa ameanguka hawezi kuinuka, maana kuinuka kunagharimu nusu ya mwendo. Tendo la kujikinga halimsaidii, kwani kanuni inasema faida yake hupotea mwendo ukiwa sifuri. Na lililo kubwa kuliko yote, hawezi kumpita mlinzi na kumfikia mganga aliye nyuma. Zimwi yule alikuja kwa mwendo wa futi 40. Bila kipaji angeweza kunifikia mimi. Kijana aliondoka siku ile akidhani amenyang'anywa silaha, kumbe alichopewa na kitabu ndicho hasa alichokitaka tangu alipounda mhusika wake: hapa hapiti mtu. Ilichukua vikao viwili kabla hajalisema hilo mwenyewe.

Suala la urefu wa mkuki nalo lilikuwa chini ya mgogoro huu, ingawa halikutajwa mpaka siku ya pili. Mchezaji wa Mkuki alikuwa amesoma maelezo ya watu walioucheza muungano huu kwa silaha za futi 10, ambapo adui wa kawaida husimama mraba mmoja mbali na mpiganaji, na akiwa na silaha fupi hafiki. Kwa silaha hizo, kukwama kunakaribia sana kuganda. Kwa mkuki wa futi 5 adui anakwama akiwa uso kwa uso nawe. Kijana aliona hilo si haki, kwa sababu mkuki alioukulia ni mrefu kuliko upanga wowote, na mtu mwenye macho hawezi kumbishia. Mwendeshaji alimpa njia ya haki: kitabu chenyewe kina mkuki mrefu wa vita, wenye madhara ya dadu ya nyuso 10 na upeo wa futi 10, ila ni mzito, unadai mikono miwili na haurushwi, tena Bingwa wa Mpini hakimpi mwenye mkuki huo lile pigo la ziada la kitako cha mpini, ingawa pigo la anayeingia analipata. Kijana alifikiri wiki nzima, akakataa. Alisema mkuki usioweza kurushwa hautaki. Ninaheshimu uamuzi huo, na nadhani meza nayo iliuheshimu kwa sababu safari hii aliufanya akiwa na kanuni yote mbele yake.

Kuhusu kurudisha zamu, wapo waendeshaji ambao wangekataa, na hoja yao ina uzito: mchezo ukianza kurudi nyuma, kila anayeangushwa ataomba kurudi. Lakini tofauti ya hapa ilikuwa bayana. Kijana hakuomba kwa sababu dadu ilimwendea vibaya. Alikuwa ametamka sababu ya uchaguzi wake kabla dadu haijarushwa, na sababu hiyo ilijengwa juu ya uamuzi wa Mwendeshaji. Tena uzito wa uchaguzi ule unahesabika. Bila kujikinga, zimwi alikuwa na asilimia 55 ya kumpata. Akijikinga, asilimia 30. Kuendelea kumhesabia asilimia 55 kwa kosa lisilo lake kungekuwa kumwadhibu mtu kwa kutuamini.

Lililoshindwa waziwazi ni zile dakika arobaini. Kitabu kilikuwa mezani muda wote. Tulibishana juu ya maumivu ya mkuki, juu ya ukubwa wa zimwi, hata juu ya kama mtu aliyechomwa pajani anaweza kuinua rungu, na hakuna aliyekifungua mpaka Mwendeshaji alipokivuta. Mwenzetu mmoja aliondoka kabla ya mwisho kuwahi daladala, hivyo hakuwepo wakati wa uamuzi wa tatu, na aliposimuliwa baadaye alihisi umepitishwa nyuma yake. Ilibidi aombwe radhi.

Swali ambalo bado liko wazi

Ukurasa wa istilahi una mstari mmoja wenye alama ya kuuliza. Kifungu kingine cha Mlinzi kinasema adui anachochea pigo la nafasi hata kama amejinasua kabla ya kutoka katika upeo wako. Goblini, kwa maumbile yake, huweza kujinasua kwa tendo la ziada na bado akabaki na tendo lake zima. Akijinasua akiwa bado mbali, kisha akaingia katika upeo wa mkuki, je, apigwe? Kifungu kinataja kutoka, hakitaji kuingia. Mwendeshaji ameamua kwa muda kwamba hapigwi anapoingia, ila akijaribu kutoka katika zamu hiyohiyo atapigwa. Naona uamuzi huo unafuata maandishi kama yalivyo. Mchezaji wa Mkuki haoni hivyo, ameandika hoja yake nyuma ya ukurasa uleule kwa penseli, na Jumamosi ijayo tunaisoma kabla ya kurusha dadu.